Uume uliopinda tangu kuzaliwa: njia niliyopita kutoka Newala hadi meza ya upasuaji

Nilipasuliwa nikiwa na miaka 31. Kwamba uume wangu umepinda nilikuwa nimelijua tangu nina miaka 15. Miaka hiyo 16 ya katikati ndiyo inayonisukuma kuandika, maana tiba ilikuwepo muda wote. Kilichonichelewesha ni tabia moja ya tatizo hili: uume ukilala, hakuna kinachoonekana. Daktari anakufunua, anatazama, anabonyeza, hakuti kidonda wala uvimbe, anakwambia uko sawa. Wewe unafunga mkanda wa suruali na ulimi umekuwa mzito, unatoka nje na tatizo lako lile lile.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mgonjwa ni kukifanya kisichoonekana kionekane, kwa picha, kwa kipimo na kwa maneno yasiyozunguka. Hapo ndipo nitakaa muda mrefu zaidi.

Mimi ni mkulima wa korosho Newala, na msimu ukifunguliwa nakaa kwenye mizani ya chama chetu cha msingi kama karani. Udaktari sina. Naandika niliyopitia na niliyoelezwa na mpasuaji wangu, mtu aliyekuwa na subira ya kujibu kila swali nililoandika kwenye daftari.

Hakikisha kwanza ni tatizo hili

Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama laini kama sponji, imelala sambamba. Damu ikijaa humo ndipo uume husimama. Mirija hiyo imevikwa ganda gumu jeupe ambalo huvutika mpaka kiasi fulani kisha hukaza. Wataalamu huliita tunika albuginea. Kwa aliyezaliwa na mpindo, ganda la upande mmoja ni fupi kuliko la upande wa pili. Damu ikiingia, upande mrefu unaendelea kwenda na ule mfupi unagoma, basi uume unafuata upande mfupi. Chukua puto, bandika utepe ubavuni, ulipulize: utaona jambo lile lile.

Walio wengi hupinda kwenda chini. Wengine huenda kando, mara nyingi kushoto. Kupinda kwenda juu ni nadra. Uume wenyewe hauumi, huna uvimbe mgumu unaoupapasa, na hali hii imekuwepo tangu ulipoanza kubalehe.

Kama ulikuwa umenyooka na umeanza kupinda ukubwani, hasa baada ya miaka 40 au 50, ukahisi kitu kigumu ndani na pengine maumivu, huo ni ugonjwa wa Peyronie, unaoitwa kwa jina la mpasuaji wa Kifaransa aliyeueleza mwaka 1743. Nenda hospitali, lakini ratiba yake ni nyingine, kwa kuwa huko upasuaji husubiri mpaka mpindo utulie usiendelee kubadilika. Kama ulisikia mlio wa kitu kuvunjika wakati wa tendo na uume ukavimba ukawa mweusi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Na kama tundu la mkojo halipo kwenye ncha, liko upande wa chini, hilo pia ni la kuzaliwa ila operesheni yake haifanani na ninayoieleza hapa.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu Kusini lazima lisemwe. Mimi nilipita jando, nikatahiriwa na ngariba. Nilipokuja kumwambia mama mdogo shida yangu, alichosema kwanza ni kwamba ngariba alikosea mkono. Maneno yakamfikia mjomba, yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, na mzee yule aliubeba mzigo huo miaka mingi bila kuniambia. Ngariba hukata ngozi ya juu. Ganda lililo fupi liko ndani, na lilikuwa fupi nikiwa bado tumboni. Kovu baya la ngozi linaweza kuvuta uume kidogo, ndiyo, lakini daktari hulitambua kwa macho na vidole. Langu halikuwa hilo. Siku niliyorudi kutoka Dar es Salaam nilikwenda kwa mjomba kabla sijafika kwangu, nikamweleza.

Mpindo huu hausababishwi na kujichua, wala na upande unaoulaza uume ndani ya suruali, wala na mkono wa mtu. Mganga mmoja alinipa dawa ya kupaka na akaniagiza niufunge uume kwenye kijiti cha mwanzi usiku. Nilipata kidonda, na mpindo ukabaki ulivyo. Hakuna kidonge, mafuta wala kukanda kutakakolirefusha lile ganda fupi. Tiba yake ni upasuaji tu.

Ila si kila aliyepinda apasuliwe. Wanaume wengi wana mpindo kidogo na hauna maana yoyote. Daktari atakuuliza kama unashindwa tendo, kama unaumia au mwenzako anaumia, na kama jambo hili linakutesa moyoni. Kwa kawaida mambo huanza kuwa magumu mpindo ukizidi digrii 30. Wangu ulikuwa wa digrii 50 kwenda chini. Mke wangu alivumilia miaka minne, kisha usiku mmoja akaniambia kwa upole: "Mume wangu, sikimbii, lakini naumia." Nilipaswa kuondoka kesho yake kwenda hospitali. Nilikaa miezi mingine minane.

Picha na kipimo

Sehemu hii ni ya watu wazima. Kama hujatimiza miaka 18, usipige picha ya aina hii hata moja. Mwambie baba, mjomba au mtu mzima unayemwamini, nendeni pamoja hospitalini, daktari ataamua namna ya kupima. Hata hivyo upasuaji huu kwa kawaida husubiri mwili umalize kukua, kwa hiyo hujachelewa.

Mtu mzima: piga picha uume ukiwa umesimama kabisa. Alfajiri ndiyo saa nzuri, unapoamka nao. Simama wima, mgongo ukutani. Unahitaji picha tatu. Ya kwanza ni ya ubavuni, simu ikiwa usawa wa uume wenyewe, usiishike juu kwa kuwa ukiinamisha simu pembe inadanganya. Ya pili ni ya kutoka juu, ukitazama chini. Ya tatu ni ya mbele. Mpindo wa chini au wa juu huonekana kwenye ile ya ubavuni, mpindo wa kando kwenye ile ya juu. Uso wako usiingie, wala kitu cha chumbani kinachokutambulisha.

Kabla ya kupiga, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ile huduma inayopeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usimtumie mtu picha hizi kwa WhatsApp, hata anayejiita daktari kwenye kundi. Daktari ataziona kwenye kioo cha simu yako, ukiwa umeishika wewe, ndani ya chumba chake. Kesi ikiisha, zifute, na uzifute tena kule simu inakozihifadhi zilizofutwa.

Kupima nilijifunza mwenyewe, na mpasuaji alipopima kwa njia yake tulipishana digrii tano tu. Nilinunua mkebe wa hisabati dukani pale sokoni Newala. Muuzaji akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikaongeza mwanga wa simu mpaka mwisho, nikaweka karatasi nyepesi juu ya ile picha ya ubavuni, nikachora kwa penseli mstari unaopita katikati ya uume kuanzia shinani mpaka pale unapoanza kupinda. Kisha mstari wa pili kutoka kwenye ncha kurudi nyuma, nao katikati, mpaka ukutane na wa kwanza. Hapo rula ndefu inahitajika: endeleza mstari wa kwanza kwenda mbele kana kwamba uume haukupinda. Weka kipimapembe mahali mistari inapokutana na usome nafasi iliyopo kati ya ule mstari ulioendelezwa na mstari wa ncha. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike na tarehe, pamoja na upande unaoelekea.

Usibonyeze karatasi kwa nguvu, kioo cha simu husogeza picha.

Kulisema mbele ya daktari

Zahanati niliyoanzia nilisema "nina matatizo ya sehemu za siri," nikanyamaza. Nilichomwa sindano za ugonjwa wa zinaa ambao sikuwa nao, bila kipimo. Hilo nililaumu kwa muda mrefu, lakini siku hizi naona na mimi sikumpa yule mhudumu kitu cha kushika. Jifunze maneno haya kabla hujatoka nyumbani, uyaseme kwa sauti ukiwa peke yako mpaka yatoke bila kukwama:

"Daktari, uume wangu ukisimama unapinda kwenda chini. Umekuwa hivyo tangu nilipobalehe. Hauna uvimbe na hauniumi, ila mke wangu anaumia tukikutana. Nimepima ni kama digrii 50, na nina picha kwenye simu."

Badilisha upande na namba iwe yako. Ukishasema hayo mtaalamu yeyote wa afya atajua cha kuandika.

Kama unataka kuhudumiwa na mwanamume, liseme dirishani mapema. Mimi nililiogopa hilo, kisha daktari aliyenielewa kwa mara ya kwanza akawa mwanamke, binti mdogo kuliko mimi. Alitazama picha kwa sekunde tano, akavuta kiti, akaniuliza nimekaa na hili muda gani. Nilitaka kulia.

Mkoa wa Mtwara una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na hapo hapo Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Lindi kuna Sokoine. Wapo pia wa misheni, Ndanda na Nyangao, ambao watu wetu wamezoea kwenda kwao kwa upasuaji. Ushauri wangu: kabla hujapanda gari, mtafute mtu wa kukuulizia au piga simu mwenyewe, uulize swali moja, "Mna daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, na kliniki yake ni siku gani?" Bingwa hakai kliniki kila siku. Kutoka Newala mpaka Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 100, na ukifika siku isiyo yake umepoteza nauli na umepoteza ujasiri, na ujasiri ni mgumu kuupata tena kuliko nauli.

Ukipewa rufaa, isome ukiwa bado mlangoni. Ya kwangu ya kwanza iliandikwa kwamba nina upungufu wa nguvu za kiume. Sikuwa nao hata kidogo. Nikaelekezwa foleni nyingine kabisa, nikapoteza wiki. Karatasi iseme mpindo wa uume wa kuzaliwa, upande, digrii, na kwamba unazuia tendo. Haya maneno ya mwisho yana uzito pia kwenye bima: ulizia mapema kama operesheni hii italipiwa, na eleza kwamba huendi kutafuta urembo, kuna jambo la mwili lisilofanyika. Usiye na bima, omba makadirio yaliyoandikwa kwa mafungu, yaani kitanda, chumba cha upasuaji, usingizi, nyuzi, vipimo na dawa. Mimi niliishia kupewa rufaa ya Dar es Salaam.

Kuchagua wakati, kama unaishi kwa korosho

Mpasuaji hakulijua hili, ilibidi nimweleze. Baada ya operesheni huruhusiwi kubeba kitu kizito kwa wiki kadhaa, na tendo la ndoa ni wiki sita bila. Msimu wa kupulizia mikorosho mashine inakaa mgongoni, na ni nzito. Msimu wa mavuno kuna magunia. Nilikwenda Januari, minada ikiwa imepita na malipo yameingia, nikamwachia kaka palizi. Kama wewe ni mvuvi wa Kilwa au Msimbati, au unaendesha bodaboda Masasi, tafuta mwezi wako wa mapumziko kwa namna hiyo hiyo. Bodaboda ni ngumu zaidi kwa sababu ya kukaa juu ya tanki na mashimo ya barabara.

Wanachofanya, na bei yake kwa urefu

Upande mfupi haurefushwi kirahisi. Kwa hiyo mpasuaji huufupisha ule mrefu mpaka pande mbili zilingane. Ukilielewa hilo, umelielewa jambo zima, pamoja na sehemu yake chungu: uume unanyooka na unapungua urefu. Aliyeniambia "utanyooka na utabaki vile vile" alikuwa ananifurahisha.

Njia ni za namna tatu, na nitawataja wapasuaji walioieleza kila moja. Nesbit, mwaka 1965, alieleza namna ya kukata vipande vidogo vyembamba vya lile ganda upande mrefu na kushona kingo zake. Kwa makadirio ya kawaida ni milimita moja ya ganda kwa kila digrii 10. Yachia, mwaka 1990, alieleza njia ya kupasua mstari wa kwenda urefu kisha kuushona kwa upana, bila kuondoa kipande. Na ya tatu ni ile ya kukunja ganda na kulishona bila kukata, kama fundi cherehani anavyopunguza kiuno cha suruali kwa kukibana ndani. Essed na Schroeder waliieleza mwaka 1985. Ya kukunja huligusa ganda kidogo zaidi, lakini inategemea nyuzi zishike, na mafundo yake unaweza kuyahisi chini ya ngozi. Zile za kukata zina sifa ya kudumu, na zinahitaji mkono makini zaidi. Ipo pia njia ya kutia kiraka upande mfupi, lakini kwa mpindo wa kuzaliwa haihitajiki mara nyingi na inahatarisha zaidi nguvu ya kusimama.

Usiende ukiwa umemchagulia daktari njia. Muulize anayoifanya mara kwa mara ni ipi, na umpe hiyo. Mimi nilifanyiwa ya Nesbit.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, omba uume upimwe urefu ukiwa umevutwa, na kipimo kiandikwe kwenye faili. Nililisisitiza hili na nalirudia kwa kila anayeniuliza. Mwanaume aliyekaa na mpindo miaka mingi huwa hajui urefu wake halisi, na baada ya operesheni akili hukuza hasara. Mimi nilipoteza sentimita moja na nusu, na ninalijua kwa sababu liliandikwa. Bila karatasi ile ningeapa nimepoteza tano.

Saini ukiwa umesikia na hatari nyingine: kichwa cha uume kufa ganzi kwa muda, mpindo kurudi kidogo, damu kuvilia, usaha, na kwa wachache sana kusimama kwenyewe kudhoofika. Kwa mpindo wa chini kama wangu, sehemu ya kufupishwa ni ya juu, na huko juu ndiko inakopita mishipa ya fahamu ya kichwa cha uume, kwa hiyo mpasuaji huiinua kwanza taratibu. Uwezo wa kuzaa hauguswi, mbegu hazipiti huko.

Kuna kipimo ambacho huenda ukafanyiwa kliniki: sindano ndogo ya dawa kwenye uume ili usimame na daktari aone mwenyewe. Kabla ya hiyo sema kama una siko seli au kama iko kwenye ukoo, maana watu wa siko seli wako kwenye hatari ya uume kusimama bila kushuka. Na kwa yeyote, ukisimama zaidi ya saa nne rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Siku yenyewe

Usijinyoe kwa wembe jana yake. Vidonda vidogo vya wembe vinakaribisha vijidudu, wao watanyoa kama wanahitaji. Acha sigara wiki kadhaa kabla. Taja kila dawa unayotumia, aspirini hasa, na mizizi pia. Chakula huachwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji na maji matupu muda wa saa mbili, isipokuwa wakuambie vingine.

Nilichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kushuka sikuhisi kitu lakini masikio yalikuwa kazini. Nesi alinishika bega. Mpasuaji alipasua ngozi kuzunguka, chini kidogo ya kichwa, juu ya kovu langu la jando lenyewe, akaivuta ngozi nyuma kama unavyokunja mkono wa shati. Kwetu sisi tuliotahiriwa kovu jipya hujificha kwenye lile la zamani, ukinitazama leo hulioni.

Kisha wakafunga mpira shinani na kujaza maji ya chumvi kwa sindano mpaka uume ukasimama. Mbinu hiyo ilielezwa na madaktari Gittes na McLaughlin mwaka 1974. Nilimsikia mpasuaji akimwambia msaidizi wake, "Unaona? Hapa." Niliwaza nikiwa pale mezani: watu wawili wanautazama mpindo wangu, wanauona, wanaupima kwa rula. Miaka 16. Wakaweka alama, wakashona, wakajaza tena. "Bado kidogo." Wakaongeza mshono. Wakajaza mara ya tatu, akasema, "Umenyooka." Ilichukua kama saa moja na nusu.

Wiki sita

Nilirudishwa wodini na bandeji ya kubana na mpira wa mkojo, uliotolewa asubuhi. Siku ya pili nilitoka wodini. Usipande gari la kurudi Kusini siku hiyo. Ni zaidi ya kilomita 500 mpaka Mtwara na hakuna mahali pa kunyoosha miguu vizuri. Nilikaa siku tisa kwa shemeji Mbagala, nikarudi kliniki kukaguliwa kidonda, ndipo nikapanda basi.

Uume utavimba na kuwa na rangi ya zambarau. Mimi nilidhani umeharibika. Uvimbe hushuka ndani ya wiki mbili tatu. Uvae chupi inayoshika, uume ukiwa umelazwa juu kuelekea kitovu, hiyo hupunguza uvimbe. Baada ya bandeji kutolewa, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Newala maji tunayajua shida yake. Nilinunua madumu nikayachemsha na kuyapoza, na hayo yalikuwa ya kidonda tu. Nyuzi za ngozi huyeyuka na kudondoka zenyewe, usizivute.

Kinachotesa kuliko vyote ni usiku. Uume husimama usingizini mara kadhaa bila kukuomba ruhusa, na kila mara ukivuta mishono unaamka. Wiki ya kwanza sikulala zaidi ya saa mbili mfululizo. Kilichonisaidia ni kutokunywa maji mengi jioni, kwenda msalani kabla ya kulala na kila nilipoamka, kisha kutembea uani mpaka utulie. Kitambaa cha maji baridi juu ya paja husaidia. Kama huvumilii, mwambie daktari, kuna dawa anaweza kukupa kwa siku hizo. Kusimama huko hakuharibu kazi, ni maumivu tu.

Ukiona uvimbe unaokua haraka na kujaa damu, homa, usaha, mkojo kukataa kutoka, au kichwa cha uume kuwa cheusi na baridi, nenda hospitali iliyo karibu na karatasi zako. Ukihisi kitu kimefyatuka ndani na mpindo umerudi ghafla, mpigie mpasuaji.

Kwa mke wangu nilifanya jambo ambalo nawaomba wenzangu mlifanye: nilimpeleka kliniki ya mwisho kabla ya operesheni, akamsikia daktari kwa masikio yake kuhusu wiki sita. Nyumba ambayo mke hajaambiwa, mume akirudi Dar hataki kukaribiwa, maneno mengine huzaliwa. Wiki ya saba tulianza taratibu, na kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, yeye akiongoza. Hakuumia. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ilikuwa inawezekana."

Ganzi ya kichwa cha uume ilinikaa karibu miezi mitatu ikaisha yenyewe, ikianza na kuwashawasha kama mguu ulioukalia.

Mwezi wa tatu nilirudi kliniki na picha mpya ya ubavuni, nimeichora na kuipima kwa mkebe ule ule: digrii tano. Mpasuaji alikubaliana nayo, akanipa nakala ya karatasi ya operesheni inayotaja njia iliyotumika, idadi ya mishono na aina ya nyuzi. Omba karatasi hiyo, hawakupi usipoiomba. Mpindo ukirudi baada ya miaka, au ukipata shida nyingine ya mkojo, daktari atakayekuhudumia atahitaji kujua kilichoshonwa na mahali kilipo. Yangu ipo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, pamoja na hati ya shamba na stakabadhi za korosho, na mke wangu anajua ilipo.